Sista Tisini na Mgonjwa wa Kitanda cha Nne

Ndugu zangu, majirani, na nyinyi wauguzi mliokuja na sare zenu moja kwa moja kutoka zamu, naomba mnisikilize, na walio nje chini ya turubai wasiponisikia wanyooshe mkono, nitapandisha sauti, maana sauti ndiyo sababu pekee iliyofanya familia inikabidhi karatasi hii. Mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, kazi yangu ni kushona viti vya magari, sijazoea kusoma mbele za watu, kwa hiyo nikikwama mnivumilie.

Karatasi hii, ukiacha mistari ya mwisho tuliyoiongeza sisi, marehemu aliisoma mwenyewe akiwa hai, akasahihisha tarehe tatu kwa kalamu nyekundu, kisha akaagiza kwamba habari ya kitanda cha nne isiachwe. Mpwa wangu, binti yake, aliniomba jana niiruke, akasema mama asitajwe makosa siku yake ya mwisho, nikamjibu kwamba amri ni ya mama yako, na mimi tangu utoto sijawahi kumshinda mama yako kwa lolote. Kwa wasiojua, dada yetu alikaa miaka kumi na minane bila kujua kama mtu mmoja aliyemwinua kitandani kwa mikono yake alikufa au alipona. Hakuwa mwoga wa kitu kingine chochote. Nitafika huko, ila kwanza tuanze alikoanzia.

Marehemu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa baba yetu, aliyekuwa mpaka rangi wa mabehewa, na mama yetu, aliyekuwa dobi katika hospitali ileile ambako baadaye binti yake alikuja kufanya kazi. Tulikaa chumba na sebule nyuma ya jengo la dobi, mashuka ya wagonjwa yalikauka mbele ya dirisha letu, na marehemu alijua kutofautisha shuka la wodi ya wazazi na la wodi ya upasuaji kabla hajajua kusoma.

Alianza shule ya msingi Januari 1960 na kumaliza mwaka 1966, kisha akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1967 hadi 1970. Walimu waliandika kwamba ana bidii na ana mdomo, na yote mawili yalikuwa kweli. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa wake, alinifunga mguu mzima kwa kitambaa cha mama na kunizuia kwenda kucheza mpaka nipone ugonjwa ambao sikuwa nao, nikawa mgonjwa wake wa kwanza na wa kwanza kutoroka.

Januari 1972 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Desemba 1974, na tarehe 6 Januari 1975 akaripoti kazini. Alianzia wodi ya wanawake, akakaa huko miaka kumi na mitatu, na mwaka 1988 akahamishiwa wodi ya mifupa, akanung'unika wiki nzima, kisha hakutaka kuondoka tena.

Jumamosi tarehe 3 Desemba 1977 alifunga ndoa na shemeji yetu, aliyekuwa fundi umeme wa hospitali. Waliokuwa karibu nao wanajua kwamba kengele za wagonjwa katika wodi ya wanawake ziliharibika mno mwaka ule, na kila mara fundi mmoja tu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuja kuzitengeneza. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa Juni 1979, ambaye leo ni mfamasia, na kijana aliyezaliwa Agosti 1983, ambaye ni mpimaji ardhi. Shemeji alitangulia mbele ya haki tarehe 22 Aprili 2010, na marehemu hakutafuta mwingine, alisema mafundi wazuri ni wachache.

Mwaka 1999 hospitali ilipata daktari wa kubadilisha magoti, na dada akapelekwa miezi sita kusomea namna ya kuwauguza watu waliotolewa goti bovu na kuwekewa la chuma na plastiki. Alirudi na daftari lenye jalada la nailoni na msimamo ambao haukubadilika hadi anastaafu, kwamba daktari anafanya kazi yake saa mbili, halafu goti linaachiwa wauguzi, na kwamba goti jipya lisipokunjwa na kunyooshwa siku zile za mwanzo linakakamaa, mtu anabaki na chuma cha bure mguuni.

Wengi mnakumbuka vita vyake na mito. Ndugu wa mgonjwa akija kumwona mzee wake analia, huruma inamshika, anachomeka mto chini ya goti ili lipumzike, na kweli mzee anatulia, anashukuru, anaomba na wa pili. Dada alikuwa akipita anachomoa. Alisema goti likilala limekunjika litaponea hapohapo, na mtu atatembea maisha yake yote kama anayetafuta kitu alichokidondosha, mto kama ni lazima uwekwe chini ya kisigino. Ikifika Ijumaa ofisi yake ilikuwa imejaa mito kama duka la magodoro, na ndugu wenye mito walikuja kuichukua wakiwa wameinamisha macho, mimi mwenyewe niliwahi kumwona mkuu wa shule akiomba mto wake kwa sauti ya chini.

Jina la Tisini nalo lilitoka humo wodini. Goti likikunjwa mpaka pembe ya mraba ni nyuzi tisini, na kipimo cha hospitali kilikuwa kimevunjika, basi akaenda shule ya jirani akaazima kile kipimapembe kikubwa cha mbao ambacho walimu wanachorea ubaoni, akawa anakibeba kwapani kila asubuhi. Mgonjwa alikuwa akikiona tu kinaingia mlangoni anaanza kuvuta shuka juu. Hukufika tisini, huendi nyumbani. Walimlilia, walimtukana chinichini, mama mmoja muuza vitambaa alimwambia ana roho ya askari magereza, na mama huyohuyo baada ya miezi miwili alikuja akitembea, akamletea kitambaa cha gauni.

Sasa nafika kwenye kitanda cha nne, na naomba utulivu.

Jumatatu tarehe 6 Juni 2005 alifanyiwa upasuaji fundi wa kupiga plasta, mtu wa miaka hamsini na mitano, mwili mkubwa, mwenye maneno. Siku ya pili hakutaka kusimama kwa sababu ya kizunguzungu, mchana wake kwa sababu ameota vibaya, Jumatano asubuhi kwa sababu soksi za kubana zimembana, na jioni yake kwa sababu hazimbani. Wodi nzima ilikuwa ikimcheka naye akifurahia kuchekwa. Alhamisi tarehe 9 Juni, saa tatu asubuhi, alimwambia dada kwamba shavu la mguu linamuuma, nyuma, chini ya goti.

Muuguzi yeyote wa magoti anajua la kufanya hapo, unashika mashavu ya miguu yote miwili kwa pamoja, unalinganisha, kama mmoja una joto, umejaa na umekuwa mgumu, unamlaza na kumwita daktari, maana baada ya upasuaji damu inaweza kuganda mguuni, na donge likikatika linapanda hadi kwenye mapafu. Dada alijua hilo kuliko alivyojua majina ya wadogo zake, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi. Lakini asubuhi ile hakushika. Alimwambia visingizio vya mbele vimekwisha naona umehamia vya nyuma, watu wakacheka, akampa fremu ya kutembelea, akamsimamisha.

Alitembea hatua kumi na moja. Dada alizihesabu kwa sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake, na ya kumi na mbili haikuja, fundi aliishiwa pumzi na kuanguka, na dada akaenda naye chini, akapiga magoti sakafuni akimshikilia kichwa, akaitisha oksijeni, na hakumwachia mpaka walipomwingiza kwenye gari la wagonjwa kumpeleka hospitali kubwa ya mji mwingine. Siku mbili baadaye ikarudi karatasi yenye maneno manne, amepokelewa, hali si nzuri, na baada ya hapo kimya. Simu ya mke wake haikupatikana tena, na hospitali kubwa kila ilipoulizwa ilisema jalada halionekani.

Wapo wangenyamaza, kwa sababu hakuna aliyejua alichokisahau ila yeye. Marehemu aliandika taarifa siku ileile kwa mkono wake, akaandika kwamba mgonjwa alilalamika na mimi sikumshika mguu. Alipewa onyo la maandishi, na daktari akamwambia kwamba huenda donge lingekatika hata akiwa amelala, na kwamba yeyote kati yao angeweza kudanganyika vile. Hakulipokea neno hilo. Kuanzia Ijumaa ile katika wodi yake hakuna mgonjwa aliyesimamishwa bila kushikwa miguu yote miwili, awe amelalamika au anaimba, na nyinyi wauguzi mlioko hapa mnaofanya hivyo kila asubuhi, sasa mnajua utaratibu huo ulianza siku gani.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2013. Hospitali ilimwandalia cheti cha muuguzi bora na sherehe ndogo, akala, akacheza, akakiacha cheti mezani, na tulipomuuliza akasema amekisahau. Mtu asiyesahau kalamu akasema amesahau cheti. Sote tulidhani ni maringo yake tu, kwa sababu habari ya kitanda cha nne hakuwahi kuileta nyumbani.

Mimi niliijua kwa shida yangu mwenyewe. Mwaka 2017 goti langu la kushoto lilikataa kabisa, miaka arobaini ya kukanyaga cherehani si mchezo, nikabadilishwa tarehe 2 Oktoba, na nilipotolewa hospitali marehemu akahamia kwangu na begi, daftari na kipimapembe, akiwa na miaka sitini na minne. Kilichofuata sitakieleza mbele ya wajukuu. Mito yote ya sebuleni ilifungiwa kabatini. Nilimwambia mke wangu kwamba nimeoa mwanamke mmoja lakini naamriwa na wawili, akanijibu kwamba huyu wa pili ndiye anayempendeza yeye.

Siku ya tisa shavu la mguu lilianza kuniuma tangu alfajiri, nami nikanyamaza, niliona haya, niliogopa ataniambia ni kisingizio. Aliingia, kabla ya salamu akashika miguu yote miwili, akaushika wa kushoto tena, halafu akaniambia usiinuke hata kidogo, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. Walikuta donge la damu, nikatibiwa, nikapona. Jioni aliporudi kuniona wodini alikaa pembeni ya kitanda, akanisimulia habari za fundi plasta mwanzo hadi mwisho, akalia, na mimi ambaye sikuwa nimemwona akilia hata kwenye msiba wa mumewe nikabaki namshika bega.

Kuanzia Machi 2021 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikawa inavimba na pumzi zinamwisha akipanda ngazi, akalazwa mara tatu, na kila alipolazwa aliwafundisha wauguzi namna ya kutandika. Septemba mwaka huu madaktari walituambia ukweli, naye alikuwa ameshaujua. Hapo ndipo aliponiita akasema ana ombi moja, nikajue yule mtu aliishia wapi, hata kama ni kaburi nimwambie ni kaburi, kwa sababu kinachomchosha ni kutokujua. Nikamwahidi. Niseme kweli, niliondoka pale nikiwa na hofu, niliona nitarudi na habari itakayommaliza, na nilishaanza kufikiria namna ya kumdanganya.

Nilikwenda hospitali ile kubwa mara mbili. Mara ya kwanza karani wa masijala alinijibu kwamba majalada ya zamani yalilowa. Mara ya pili, tarehe 30 Oktoba, nilimkuta mwenzake, mama mmoja mwenye subira, akakumbuka kwamba wodi ya mapafu ilikuwa na rejista yake peke yake, akaishusha kutoka juu ya kabati na vumbi lake, akapitisha kidole, na humo tukasoma kwamba fundi plasta ameruhusiwa tarehe 5 Julai 2005, anatembea kwa magongo. Nilimpigia dada simu palepale. Aliniagiza nimshukuru karani, kisha akasema kuwa hai mwaka ule si kuwa hai leo, niendelee. Hivyo ndivyo alivyokuwa, mnamjua.

Kesho yake nikaanza kuzunguka maduka ya saruji ya mji uleule nikimuulizia fundi plasta mzee, mwili mkubwa, goti la chuma, anayelalamika sana. Duka la kwanza walinitazama tu, la pili wakanielekeza kwa mtu mwembamba, la tatu muuzaji akacheka, akasema huyo mlalamikaji yupo, juzi tu amenirudishia mfuko wa saruji akidai una mabonge. Ndugu zangu, nilikaa juu ya mifuko ya saruji nikalia kama mtoto, na suruali ile mpaka leo haijatakata.

Muuzaji akanipeleka kwa fundi, na huko nikaambiwa kwamba simu ya mke wake ilitumbukia kwenye ndoo ya chokaa wiki ileile aliyolazwa, basi, ni hilo tu, kisha wakahamia kwa kijana wao. Ndoo ya chokaa ndiyo iliyomnyima dada yangu amani miaka kumi na minane, na nilipoambiwa hivyo sikujua nicheke au nimtafute aliyeiweka ndoo hapo.

Alhamisi tarehe 9 Novemba fundi alikuja kwa basi, peke yake, ana miaka sabini na mitatu na mkongojo anaoubeba zaidi kuliko anavyouegemea. Dada alikuwa ameegemezwa kitandani, mlango wazi, akamtazama miguu kabla ya uso. Fundi hakukaa vizuri akaanza kumshukuru, alisema amewasimulia wajukuu zake wote juu ya muuguzi aliyepiga magoti sakafuni akamshikilia roho isitoke, kumbe miaka yote hiyo hakujua kwamba kulikuwa na kosa. Na dada, pumzi zikimkatikakatika, akamkatiza, akamwambia kila kitu, kwamba ulinieleza, nilipaswa kukushika mguu, sikukushika, nilikucheka.

Fundi alichukua mkongojo wake akatoka bila kuaga. Nilimkasirikia dada, nitasema wazi, nilimuuliza kwa nini asiache tu, mtu amekuja na shukrani zake, naye akanijibu kwamba hawezi kufa na shukrani ambazo si zake. Tukakaa hivyo karibu saa nzima, yeye amefumba macho, mimi nasikiliza mlango, binti yake anaipanga chupa ileile ya dawa mara nne.

Fundi akarudi. Alikuwa ametembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, viatu vimejaa vumbi, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba ukuta wa jirani yetu umepigwa plasta na mhuni, jirani samahani, ni maneno yake. Halafu akakaa, akamwambia dada kwamba alitoka ili akaitafute hasira, aliona ni haki yake, ameitafuta mtaa mzima na hakuiona, alichokiona ni visingizio vyake mwenyewe vya wiki ile, na kwamba hata angekuwa yeye ndiye muuguzi asingemwamini mgonjwa kama yeye. Akasema, haya sista, kosa lako nimelisikia na nimekusamehe kwa moyo wangu wote, ila leo usinisimamishe tena, nimechoka. Dada alicheka mpaka tukamwongezea oksijeni. Kisha akamwambia akunje goti alione, akalitazama kwa makini, akasema bado hajafika tisini, na kwamba ni uvivu.

Kuanzia usiku ule alilala usingizi wa mfululizo, kitu ambacho binti yake anasema hakikuwapo nyumba ile tangu yeye akiwa na miaka ishirini na sita. Marehemu alifariki dunia Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na miezi minane, na ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na wadogo zake wanne tunaotembea, mmoja wetu kwa goti lililopimwa na yeye.

Tuna huzuni, hilo msilione kama halipo, nitamkosa kila asubuhi ninapovaa soksi. Lakini nikiulizwa nina nini moyoni leo nitasema nimeshusha pumzi, familia nzima imeshusha pumzi, maana tulijiandaa kumzika na jambo lake, na tunamzika bila hilo jambo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari wa moyo waliotuambia ukweli bila kuuzungusha, wauguzi wa wodi yake ya zamani waliokuwa wakipita kumwogesha baada ya zamu bila kuombwa, na majirani waliotuletea maji, viti na turubai, yule wa ukuta akiwemo. Tunawashukuru wenzake wa kazi waliomvumilia, kwa sababu kumvumilia ilikuwa kazi, mama wa masijala aliyekubali kupanda juu ya kabati, na muuzaji saruji wa duka la tatu. Kama kuna niliyemruka, dada angemtaja, mimi nimeshindwa, nisameheni.

Pumzika kwa amani, dada. Mgonjwa wako wa kitanda cha nne yuko hapa, safu ya tatu, na amekuja kwa miguu yake.